Kanzu Isiyo na Mfuko

Tieni mkono mfukoni, hapo mlipo. Ndiyo, na wewe unayejifanya unatazama kando. Umeona mkono ulivyojua njia bila kuulizwa? Mimi nimeshona mifuko karibu maisha yangu yote ya kazi, na hilo ndilo la kwanza nililojifunza: mtu anaweza kupotea njia ya kwenda kwao, lakini njia ya kwenda mfukoni mwake haimpotei.

Nilikuwa fundi wa nguo Kaloleni, barazani kwa nyumba yetu ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, cherehani ya miguu imetazama njia na mgongo wangu umetazama sufuria. Mke wangu, Mama Agneta, huwaambia wageni kwamba niliichagua kazi hii kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwanamume anaweza kuifanya bila kuvaa viatu. Hanisingizii. Majirani walitoka alfajiri kwenda karakana za reli na afisi za kanjo. Safari yangu mimi ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani, na hata hiyo nilipumzika njiani, penye chai.

Sasa macho yamekataa kazi, na cherehani nimemwachia binti yangu Agneta, ambaye ameiwekea televisheni juu. Ninyi vijana wa kanisa mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nafikiri mlitaka mambo ya kukata kola. Yatakuja. Lakini Jumapili iliyopita alitujia mhubiri mgeni, kijana nadhifu, koti limemkaa mabegani vizuri (nililikagua, siwezi kujizuia), akawaambia kwamba mfuko mzito ndio muhuri wa Mungu, na aliye na mfuko mwepesi imani yake imetoboka mahali. Mkaitika amina mpaka mabati yakatikisika. Mimi nilikohoa. Mama Agneta akanifinya paja, akidhani nimepaliwa. Sikupaliwa. Nilikuwa nakataa. Na kwa kuwa naogopa maikrofoni kuliko ninavyoogopa mbwa, nakataa hapa, kwa maandishi.

Kwanza kazi yenyewe, msije mkasema mzee amewahubiria bure.

Aliyenifundisha ni Fundi Yusto, mzee mwembamba aliyekuwa na kibanda karibu na holi ya mtaa. Alikaa na pini mdomoni siku nzima, kwa hiyo elimu yangu yote niliipata kupitia meno yaliyobanwa. "Mteja," alikuwa akisema, "ni mwongo wa kiuno. Akijua unampima, anavuta tumbo ndani. Mchekeshe kwanza. Akicheka, tumbo linarudi kwao. Hapo ndipo umzungushie futi." Ndiyo maana sisi mafundi wa zamani tulikuwa na maneno mengi. Watu waliuita umbea. Vilikuwa vipimo.

La pili: loweka marekani kabla hujaikata. Hilo nililisikia kwa sikio moja. Kanisa liliponipa kazi mara ya kwanza, niliwashonea wazee kanzu ndefu nzuri za marekani mpya, zimefika kwenye kifundo cha mguu, na kitambaa sikukiloweka. Jumapili hiyo maandamano yalinyeshewa njia nzima kutoka Mowlem. Walipofika Kaloleni kanzu zilikuwa magotini. Wazee wazima, ndevu na vilemba, wanapiga ngoma wamevaa kama timu ya mpira. Mama Dorika, kiongozi wetu, alinitazama akasema, "Fundi, Mungu akubariki. Miguu ya Mzee Festo tungeionea wapi?" Tangu siku hiyo naloweka hata kitambaa cha kufutia jasho.

Lakini sifa yangu mtaani ilikuwa mifuko. Kama ulinunua suruali na unaogopa wezi wa mjini, ulikuja kwangu. Vibarua wa viwandani walitaka mfuko mwembamba nyuma ya ukanda, ambao mwizi hangeufikia bila kuomba ruhusa. Wengine walitaka mfuko ndani ya mfuko. Kuna waliotaka mfuko ambao wake zao hawangeujua, na kuna wake zao, waliokuja jioni hiyo hiyo kuniuliza niliushona wapi. Mchuuzi mmoja wa Kayole nilimtilia mfuko kwapani. Kila alipotoa chenji alijitekenya akacheka, na wateja wakamwona mtu mkunjufu sana. Biashara yake ilipanuka. Bingwa wa mifuko, ndivyo walivyoniita, nami niliitikia.

Kisha mitumba ikajaa sokoni, na watu wakagundua kwamba Mzungu aliyekufa hushona vizuri kuliko fundi aliye hai. Nguo za kushona zikapungua. Kilichoniokoa ni kanzu za kanisa, maana hizo haziji ndani ya marobota. Hakuna mtu Ulaya aliyewahi kutupa kanzu ya Mama Dorika.

Kanzu yetu ninyi mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayesoma akiwa wa kanisa jingine. Ni nyeupe, inafika chini, ina msalaba mwekundu kifuani, inafungwa kwa mkanda wa kitambaa, na haina mfuko. Siku ya kuvikwa, anayeingia kanisani huja peku, anasimama mbele ya ngoma, anainua mikono yote miwili ikiwa wazi, na kiongozi anamzungushia mkanda kiunoni na kuufunga. Mikono isipokuwa juu, mkanda haufungiki. Hiyo ndiyo sherehe yote. Hakuna cheti.

Nilimuuliza Mama Dorika wakati mmoja kwa nini hatuweki mfuko, hata mdogo wa leso. Alikuwa mama mfupi, aliyekuja kutoka magharibi na mumewe wa reli zamani sana, na hakupenda maelezo marefu. "Mkono ukikosa pa kwenda chini," alisema, "utakaa juu."

Basi. Hapo ndipo anapoingia Hezron.

Hezron tulikua naye. Baba yake alikuwa mtu wa reli, nyumba yao ilipakana na yetu, na mama yake alikuwa mpiga ngoma wa kanisa. Sisi wawili tulicheza mpira wa matambara nyuma ya holi mpaka miguu ikafanana na mizizi. Kisha maisha yakatugawa: mimi nikabaki, kama kawaida yangu, yeye akaenda. Akauza mbao, akauza mchanga, na miaka ile ya tisini, Kayole ilipokuwa ikiota nyumba kama uyoga, akajenga ghorofa za kupangisha upande wa Spine Road. Si moja. Kila mlango wa kila ghorofa ulikuwa na ufunguo wa akiba, na funguo zote hizo alizitunga kwenye pete ya chuma akaining'iniza kiunoni. Hakumwachia msimamizi wala mke. Ungemsikia kabla hujamwona.

Siku moja nilimsikia anakuja barazani.

"Niaje, Fundi! Bado unaipiga mateke hiyo cherehani maskini?"

"Na wewe bado unalia kengele kama punda wa maji? Karibu, keti. Si hapo, hapo pana pini."

Aliketi. Alizungusha maneno kuhusu joto, kuhusu kandanda, kuhusu mguu wangu unaouma. Kisha akasema, akitazama chini, "Nishonee kanzu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Nikadhani ananichokoza. Lakini akaniambia kwamba Jumapili mbili tatu nyuma alikuwa anaendesha gari, akakuta maandamano yetu yameziba barabara. Akasimama kungoja. Ngoma ikapita karibu na dirisha lake, ile ile ya mama yake, na mama yake alikuwa amekwisha kufa zamani. "Nililia, Fundi," akasema. "Ndani ya gari, vioo vimefungwa, mwanamume mzima na hili tumbo. Sikujua nalia nini. Walipomaliza kupita, sikuweza kuondoa gari. Nataka kurudi."

Nikachukua futi. Nikamtupia mzaha wangu wa kupimia, ule wa mchungaji na kuku, ambao haujawahi kushindwa. Hakucheka. Nikatazama tumbo: lilikuwa limejiachilia lenyewe, halikuvutwa hata kidogo. Hapo nikajua mtu huyu hatanii. Miaka yote ile, huyo ndiye mteja wa kwanza aliyekuja kwangu bila kuficha kiuno.

Nilipofika upande wa kulia akanishika mkono. "Hapa," akasema, "utanitilia mfuko. Mdogo. Kwa ndani."

"Mfuko hapana."

"Hapana vipi? Si wewe ndiye bingwa? Nani atauona?"

"Hakuna atakayeuona. Wewe utajua uko."

"Fundi, sikiliza. Siombi mfuko wa pesa. Pesa nitaacha nyumbani, saa nitaacha, gari nitaacha. Ni hizi funguo tu. Unajua kuna nini nyuma ya hii milango?" Akaitikisa ile pete. "Maisha yangu yote yako hapa."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Akasonya. "Na usianze kuniletea ngamia. Nilimsikia mhubiri kwenye redio. Anasema lile tundu la sindano halikuwa tundu la sindano. Ni lango fulani dogo la mji wao huko. Ngamia akipiga magoti, anapita."

Nikachomoa sindano kwenye kola yangu nikamshikia mbele ya pua. "Mpigishe magoti huyo wako, tuone."

"Hiyo ni ndogo. Kwani huna ya magunia?"

"Ninayo. Ataingiza ulimi."

Hapo akacheka, mwishowe. "Wewe Fundi una roho mbaya."

"Sina roho mbaya, nina sindano. Kila siku nagombana na hili tundu. Hata uzi, ambao hauna kitu chochote duniani, unakataa kupita mpaka uulambe. Aliyelisema neno lile alijua anasema nini, na wanafunzi wake waliposhtuka hakuwaambia, 'Tulieni, nilimaanisha lango.' Lango mmelipanua ninyi, ili msitue mizigo."

Kisha akajaribu njia nyingine, maana hakujenga zile ghorofa kwa kukata tamaa. Akaniambia kuna chumba kwenye ghorofa ya chini kule Kayole, kinatazama barabara, kina umeme. Ningekitumia kama changu. "Na cherehani ya umeme, Fundi. Unaigusa tu, inakimbia yenyewe."

Ningependa kuwaambia kwamba jaribu hilo nililishinda kwa kufunga na kuomba. Ukweli ni kwamba Kayole ilikuwa mbali, na kwenye duka la namna ile ningelazimika kuvaa viatu. Kuna watu Mungu huwalinda kwa malaika. Mimi amenilinda kwa uvivu.

Mama Agneta alikuwa ndani na alisikia kila kitu. Hezron alipoondoka tu, akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Agneta, mfuko ni nini? Niambie. Si ni kitambaa kama hiki ninachoshikia sufuria? Umeshona mpaka wa kwapani!"

"Wa kwapani haukuwa kwenye kanzu."

"Haya. Umeme umeukataa, duka umelikataa. Siku moja nitakupikia pindo, ule."

Kanzu niliishona. Niliiloweka, niliikata kwa upana, niliitilia mshono wa mara mbili mabegani kwa sababu mtu mzito huvuta nguo hapo (andikeni hilo, ni la kazi), na mfuko sikuutia. Nilitia kila ujuzi nilio nao katika nguo ile. Nilitaka aingie, mnaelewa? Wengi walidhani namfungia mlango.

Siku ya kuvikwa tulikusanyika nyuma ya holi, pale pale tulipochezea mpira, kwa maana wakati huo hatukuwa na jengo, mbingu ndiyo iliyokuwa paa. Hezron alikuja peku, kanzu imemkaa kama ngozi yake. Watu wakashangilia. Ngoma ikaanza. Mama Dorika akamsogelea na mkanda, akasema, "Mikono."

Ukapanda mmoja, wa kushoto.

"Na mwenzake."

"Mama," akasema Hezron kwa sauti ndogo, "hizi ni funguo tu." Alikuwa amezishika kwenye ngumi ya kulia, amezibana kwenye kanzu kama mtu aliyeumia.

"Sijakuuliza ni nini," akasema Mama Dorika. "Nangoja mkono."

Wapiga ngoma waliendelea, polepole, wakimsubiri. Hezron akageuka huku na huku. Akaniona. Akaninyooshea ile pete, na macho yake, sijui niwaambieje, yalikuwa macho ya mtoto anayekuomba umshikie kitu akimbie mara moja arudi. "Fundi. Nishikie."

Mikono yangu niliiweka nyuma. Naapa ilikuwa mizito. Lakini nilijua nikizipokea, mimi ndiye nitakuwa mfuko. Atainua mikono yake na akili yake yote itakuwa kwenye yangu.

"Ziweke chini," nikamwambia. "Hapo tu, kwenye nyasi. Hakuna wa kuzila."

Aliitazama nyasi. Aliwatazama watu waliotuzunguka, watu wa Kaloleni, wengine ni wapangaji wa wengine, wengine hawana hata mlango. Kisha akashusha ule mkono wa kushoto. Akavua kanzu, akabaki na fulana na suruali, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, alikuwa mtu wa mpangilio, akanipa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningelala salama. Alikuwa na huzuni, akaondoka nayo, na funguo zikamlilia njia nzima mpaka kwenye gari.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba ghorofa zake zilianguka. Hazikuanguka. Aliongeza nyingine. Hakuugua, hakuibiwa, watoto wake walifaulu mitihani. Msitegemee mimi niwatishe na matofali. Mali yake haikuwa na laana yoyote niliyoiona. Ilikuwa na mkono mmoja tu, na mkono huo ulikuwa umeshika wa kwake.

Mateso yalinijia mimi. Mzee Festo, yule wa magoti, alikuja barazani amenuna. "Fundi, leo hii tungekuwa tunajenga. Kanisa la mawe! Na umetunyima kwa ajili ya kipande cha kitambaa!"

"Mzee," nikamwambia, "tungemwingiza na mfuko, tungepata jengo na kumpoteza Hezron. Jengo sijawahi kucheza nalo mpira."

Halikumfurahisha. Muda si mrefu wazee wakaamua nipumzike, na kanzu zikapelekwa kwa fundi mmoja wa Mowlem aliyekuwa na cherehani ya umeme na moyo laini. Mimi nikabaki kupunguza suruali za mitumba, yaani kumrekebisha Mzungu miguu. Mama Agneta hakusema, "Si nilikwambia." Alikuwa akiweka mezani sufuria ya mboga ya sukuma, anafunua kifuniko, anasema, "Pindo," kisha anaketi.

Walikuwepo wa kunifariji. Walisema, usijali Fundi, sanda haina mfuko, naye siku moja ataacha yote. Niliwafukuza. Huo msemo hupendwa na watu ambao hawataki kuacha kitu leo. Maiti haachi, maiti hunyang'anywa. Yeyote anaweza kuvalishwa nguo isiyo na mfuko akiwa amelala. Mimi nilitaka kumwona Hezron akiivaa amesimama, damu inatembea, na vyote vikiwa bado ni vyake.

Kwa hiyo kanzu yake sikuikata. Mama Agneta aliitaka iwe foronya. Nikakataa. Niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila wakati nikaifua na kuipiga pasi kama vile mwenyewe anakuja kesho. Naye Hezron, akipita na gari, alikuwa akipunguza mwendo na kutoa kichwa.

"Fundi! Umeshatia mfuko?"

"Bado nafikiria!"

"Fikiria haraka, nazeeka!"

Alicheka, nikacheka, akaenda. Kila mara niliangalia mkono wake kwenye usukani. Ulikuwa mmoja. Mwingine ulikuwa chini, kiunoni, ukihakikisha.

Misimu ikapita hivyo. Kisha Jumapili moja asubuhi nilikuwa nyumbani peke yangu. Mama Agneta alikuwa ametangulia ibadani, mimi nimesingizia mguu, mnanijua. Nikamwona Hezron anakuja kwa miguu, vumbi limempanda hadi kwenye suruali.

"Gari iko wapi?"

"Nimeiacha Kayole." Aliketi, kwenye pini safari hii, akainuka, akaketi tena. "Fundi, leo asubuhi nimetoka nyumbani, nimefika getini, nikarudi kuangalia kama nimefunga. Nikatoka. Nikarudi tena. Nikatoka, nikarudi. Mama watoto akaniangalia akasema, 'Baba, kama umeajiriwa bawabu, ngoja nikutafutie rungu.' Akacheka na watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Ile kanzu iko?"

"Iko."

"Na mfuko?"

"Haina."

"Nilitaka tu kuhakikisha," akasema.

Aliivaa. Alikuwa amekonda, ilimpwaya, pindo likagusa chini. Nikakimbilia pini. "Ngoja nipunguze kidogo."

"Wacha. Ukinipunguzia nitapata nafasi ya kufikiri."

Akafungua ile pete kiunoni, akaiweka juu ya cherehani. Ubao ukalia. Nilikuwa sijawahi kuzisikia funguo zile zikinyamaza. "Sikwambii uzilinde," akasema. "Hata usiziangalie." Akavua viatu akashuka barazani, akakanyaga ile njia yetu ya utotoni akichagua pa kuweka mguu kama kuku kwenye matope, maana nyayo zilikuwa zimelainika.

Mimi nikabaki. Nilitaka kumfuata, lakini nikaziona zile funguo. Nikasema, wacha nizifunike na kitambaa. Nikazifunika, zikaonekana zaidi, kama kilima. Nikazipeleka chini ya godoro. Nikakumbuka kwamba chini ya godoro ndipo wezi huanzia, nikazirudisha. Jirani akapita akaniita, "Fundi, huji? Hezron anavikwa!" Nikajibu, "Nakuja, nakuja," nikaketi, funguo mapajani, mkono juu yake. Ngoma zikabadilika. Zikaingia ule mdundo wa kuvikwa. Rafiki yangu, niliyemngojea miaka yote ile, amesimama nyuma ya holi, umbali wa kupiga mpira, na mimi nimefungwa kwenye kiti na milango ya Kayole ambayo hata mmoja si wangu.

Bingwa wa mifuko. Nilikuwa nimemkatalia kuwa mfuko wake mbele ya watu wote, na sasa nimejishona mwenyewe.

Nikainuka. Nikaziweka pale pale alipoziweka, wazi, bila kitambaa. Mlango sikuufunga. Nikashuka barazani nikakimbia, mimi huyu, mguu unaouma na mguu usiouma, watoto wa mtaa wakinipigia makofi, na nikafika Mama Dorika akiwa bado anaufunga mkanda. Mikono yote miwili ilikuwa juu. Vidole vilikuwa vimetawanyika, na hakuna kitu ndani yake isipokuwa hewa ya Kaloleni. Pindo lilikuwa linaburuzika kwenye vumbi. Ni kazi mbaya kabisa kupata kutoka mkononi mwangu, na ndiyo ninayojivunia.

Sasa najua swali mlilo nalo. Kila nikiisimulia hadithi hii, kuna anayeuliza, "Na funguo je, Fundi? Mlizikuta?" Mzee Festo aliuliza. Agneta aliuliza. Yule mhubiri wenu angeuliza kabla hajaketi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mikono ilikaa juu muda gani, wala Hezron alikuwa na uso gani.

Sitawajibu. Niitieni wazee, niitieni mhubiri mwenye koti zuri, sitajibu. Nilianza kwa kuwaambia mtie mkono mfukoni, na naona mpaka sasa bado umo. Utoeni kwanza. Kisha niulizeni tena.